Ghuba Iliyokusudiwa Kuwa Bandari

Aghalabu mtu akisikia New York huwaza majumba marefu tu. Lakini kusini mashariki ya mji huo ipo ghuba iitwayo Jamaica Bay, nayo haihusiani na kisiwa cha Jamaica. Ni maji ya kina kifupi na vinamasi, vikikingwa na mawimbi ya Atlantiki kwa ulimi wa mchanga uitwao Rockaway. Mikoko haioti huko kwa ukali wa baridi. Mahali pake huota nyasi za maji ya chumvi, na katika maji yake watu walivuna chaza kwa wingi, wakapata riziki yao na kuulisha mji.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wakuu wa mji na matajiri walipoitazama ghuba hiyo hawakuona chaza wala ndege. Waliona gati. Wakanuia kujenga hapo bandari kubwa kupita zote duniani, na mwaka 1910 Bunge la Marekani likakubali serikali kuu isaidie kuchimba mkondo wa meli. Kazi ikaanza, mifereji ikapasuliwa, na tope na mchanga vikamwagwa juu ya vinamasi ili viwe nchi kavu.

Meli kubwa hazikuja. Na sababu yake hata mtoto angeiona katika ramani: ghuba hiyo iko Long Island, nayo ni kisiwa, ilhali reli nyingi zitokazo bara zilikoma ng'ambo, katika jimbo la New Jersey. Mzigo ungeshushwa melini, upakiwe katika tishali, uvushwe, ndipo upandishwe garimoshi. Mfanyabiashara gani angekubali gharama hiyo? Reli ya kuunganisha pande hizo mbili na ghuba haikujengwa. Huko ng'ambo, Newark, vinamasi vilichimbwa vikawa bandari kweli, na mwaka 1962 jirani yake Elizabeth ikafungua gati la makontena.

Ama wavunaji wa chaza, habari yao ni ya huzuni. Mji ulizidi kukua, na maji machafu yakamiminika ghubani. Chaza hujilisha kwa kuchuja maji, kwa hiyo akabeba viini vya homa ya matumbo, na mwaka 1921 kuvuna kukakatazwa. Riziki ya kale ikatoweka, na ile ya gati haikufika. Katika Barren Island nako mchanga ulimwagwa ukawa uwanja wa ndege, uliofunguliwa 1931. Wakazi wake wakaondoshwa.

Mwaka 1938 ulikuwapo mpango wa kutupa taka za mji ghubani. Aliyeupinga ni Robert Moses, mkuu wa bustani za mji. Bwana huyu kwingineko alivunja nyumba za watu wengi ili apitishe barabara, na wapo wasiomsamehe hata leo. Lakini hapa alisimama imara. Mnamo miaka ya 1950 yakatengenezwa mabwawa mawili ya maji baridi, na aina zaidi ya 300 za ndege zimeonekana hapo. Mwaka 1972 ghuba ikaingizwa katika hifadhi ya taifa.

Hata hivyo vinamasi viliendelea kumomonyoka. Mwaka 2012 kisiwa cha Yellow Bar kilijazwa mchanga na kupandwa nyasi upya. Mchanga huo ulichimbwa katika mlango wa bahari, ili meli kubwa zipate kupita kwenda New Jersey.