Kioo cha gari si cha kubandika jioni na kuondoka alfajiri

Msimu wa nyanya unapopamba moto Ilula, mkoani Iringa, pikapu yenye ufa kwenye kioo cha mbele hailali gereji. Mwenye gari anapiga hesabu ya matenga yanayomsubiri, anamwita fundi nyumbani, kioo kinabandikwa jioni chini ya mwembe, na alfajiri safari inaanza. Kumwita fundi nyumbani si kosa. Tatizo ni gundi aliyokuja nayo, na hiyo alfajiri.

Magari hayafanani. Baadhi ya Land Rover za zamani zina kioo kinachoshikwa na mpira, na hicho mwenye gari na kijana wake wanaweza kukibadilisha wenyewe. Mpira unavalishwa kioo, kamba nyembamba inapitishwa kwenye mfereji wake, maji ya sabuni yanapakwa, kisha mmoja anasukuma kioo kwa nje na mwenzake anavuta kamba kwa ndani, polepole, mpaka mdomo wa mpira ukalie bati pande zote. Mpira uliokauka na kupasuka usirudishwe.

Kwa magari mengi ya miaka ya karibuni, zikiwamo Noah zinazobeba mizigo ya sokoni, kioo kimegandishwa kwenye fremu kwa gundi maalumu ya yurethani. Hapa kioo ni sehemu ya bodi. Husaidia paa lisibonyee gari linapopinduka, na katika magari mengi mfuko wa hewa wa abiria hufumuka ukiegemea kioo hicho. Kikichomoka, mfuko hauna pa kuegemea.

Hata hivyo, wapo mafundi wanaobandika kwa silikoni ya madirisha ya nyumba, kwa kuwa ni rahisi na inapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi. Silikoni hiyo huzuia maji, lakini haina nguvu ya kushika kioo cha gari. Wengine wana gundi sahihi, ila wanaipaka juu ya kutu na vumbi. Fremu inatakiwa kukwanguliwa kutu, kusafishwa na kupakwa praima kwanza.

Aidha, gundi hii hukauka kwa kunyonya unyevunyevu wa hewa. Kuna inayoruhusu gari kuondoka baada ya saa moja hivi, na kuna inayotaka siku nzima. Maelezo huandikwa kwenye kopo lake. Kwenye baridi kavu ya nyanda za juu huchelewa zaidi. Wakati huo dirisha moja liachwe wazi kidogo na milango isibamizwe, maana hewa inayobanwa ndani husukuma kioo.

Alama ndogo ya jiwe, iliyo mbali na ukingo na isiyo mbele ya macho ya dereva, mara nyingi huzibwa kwa rezini kwa gharama ndogo kuliko kioo kipya. Wengi huiacha, kisha wanamwagia maji baridi kioo kilichochemka juani, na alama inageuka ufa.

Wauza vipuri nao, wa Kariakoo na wa mikoani, wamzoeze mteja kununua kioo pamoja na gundi yake. Fundi naye aandike kwenye risiti aina ya gundi aliyotumia na saa ambayo gari linaruhusiwa kuondoka.