Mbuzi Mmoja, Mayai Kumi: Watoto Wangapi?

Ukipanda matatu ya Kikuyu kutoka katikati ya jiji la Nairobi, baada ya Westlands na Kangemi utafika Kabete. Ni huko ambako katika miaka ya 1980 ng'ombe wetu wa Boran walizaa ndama wasiokuwa wao. Ndama hao walikuwa wa aina ya N'Dama, wanaostahimili nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Mama zao hasa walikuwa Gambia, upande wa pili wa Afrika. Viinitete vililetwa vimegandishwa na kupandikizwa katika maabara ya ILRAD, ambayo leo ni ILRI.

Je, mbuzi wa maziwa aweza kufanyiwa hivyo? Naam, na wengi wenye mbuzi mmoja au wawili huko Kinoo au Uthiru huvutiwa wakisikia habari hii. Basi tuone kazi yenyewe ilivyo.

Kwa kawaida mbuzi jike huachilia yai moja hadi matatu kila baada ya siku 21 hivi, na mimba yake ni miezi mitano. Ili atoe mengi kwa mpigo, daktari wa mifugo humwekea ukeni sponji yenye homoni ya projesteroni, ambayo huzuia joto kwa wiki mbili hivi. Inapokaribia kutolewa, humdunga homoni ya kukuza mayai iitwayo FSH, asubuhi na jioni, siku tatu au nne mfululizo, kwa kuwa homoni hii huisha mwilini upesi. (Wanafunzi wa bayolojia waijua. Akina mama wanaotafuta mtoto kwa njia ya maabara hudungwa homoni hiyo hiyo. Watoto wa kwanza wa Kenya wa namna hiyo walizaliwa Nairobi mwaka 2006.)

Ipo nyingine, inayotolewa katika damu ya farasi mwenye mimba. Hiyo sindano moja yatosha, nayo ni rahisi zaidi. Tatizo ni kwamba hukaa mno mwilini: mayai mengine hukua bila kuachiliwa, na mbuzi akirudiwa mara nyingi, mwili wake huanza kuipinga.

Baada ya hapo hupandwa na beberu. Wiki moja hivi ikipita, viinitete huoshwa kutoka mji wa mimba, aghalabu kwa upasuaji, kisha hupandikizwa katika mbuzi wengine waliotayarishwa wapate joto siku zile zile.

Sasa sikiliza jambo ambalo muuzaji huenda asikutajie. Mbuzi wawili wa mama mmoja, wanaokula hori moja, wakidungwa dawa ile ile, mmoja aweza kutoa viinitete 15 na mwenzake asitoe hata kimoja. Hakuna daktari awezaye kukuhakikishia mapema. Tena si kila kiinitete hushika mimba, na kila upasuaji huacha makovu ambayo yaweza kumharibia uzazi mbuzi wako bora.

Kwa hiyo kabla hujatoa karo ya watoto, uliza: viinitete vitabebwa na mbuzi wa nani, nani atawalisha kwa miezi hiyo mitano, na kama hakuna kitakachopatikana, utalipa ngapi? Kwa mwenye mbuzi wawili, beberu bora asiye wa ukoo wao atamgharimu kidogo mno.