UCHAMBUZI: Udahili wa mtandaoni wasogeza vyuo vikuu binafsi hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika

Reli ya Kati, yenye zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini kwa miaka mingi kijana wa Ujiji aliyetafuta elimu ya juu alilazimika kusafiri mbali. Hata vyuo vikuu binafsi vilipoanza kuruhusiwa nchini katika miaka ya 1990, vilivyotangulia vilikuwa mbali na mwambao huu: Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1997, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kilifuata Mwanza mwaka 1998.

Leo safari hiyo huanzia kwenye simu. Tangu mwaka wa masomo 2017/18, mwombaji hutuma maombi moja kwa moja chuoni, badala ya kupitia mfumo wa pamoja ulioratibiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Aliyedahiliwa katika zaidi ya chuo kimoja huthibitisha kimoja kwa namba maalumu ya siri. Uhakiki wa cheti cha kuzaliwa na maombi ya mkopo wa Serikali, unaowahusu pia wanafunzi wa vyuo binafsi vyenye ithibati, navyo hufanyika mtandaoni.

Mabadiliko haya yamepunguza gharama za nauli, lakini umbali haujatoweka. Kwa familia ya Mwamgongo au Kagunga, ambako boti ndiyo tegemeo la usafiri, umbali sasa hupimwa kwa nguvu ya mtandao, chaji ya simu na bei ya bando. Dirisha la udahili lina tarehe ya kufungwa. Siku mbili bila mtandao zinaweza kumgharimu mwombaji mwaka mzima.

Ipo pia hatari nyingine. Vyuo binafsi hutegemea ada, hivyo hushindana kuwafikia waombaji kwa matangazo ya mtandaoni. Kwenye kioo cha simu, tangazo la chuo halali na la tapeli huweza kufanana. Aidha, ithibati ya chuo pekee haitoshi. Programu ya masomo inayoombwa nayo lazima iwe imeidhinishwa.

Kwa mzazi anayelipa ada kwa fedha ya dagaa au mawese, kosa hilo ni zito. Simu ile ile iliyoleta tangazo ndiyo inayofungua tovuti ya TCU yenye orodha ya vyuo na programu zilizoidhinishwa. Orodha hiyo isomwe kabla ya malipo, si baada yake.