Wacheni kuabudu namba ya ANA

Wasee, leo nimekasirika na nitaandika nikiwa hivyo hivyo.

Binamu yangu ana lupasi. Kila miezi mitatu, kliniki fulani humpima ANA upya. Analipa na pesa ya rent, anapiga picha ya karatasi, anaitupa kwa grupu ya familia. Ikitoka 1:320 ikafika 1:640, shosho analia. Ikishuka, kuku anachinjwa. Mwaka jana ilishuka, binamu akaona amepona, akaacha dawa. Baadaye miguu ikafura, mkojo ukawa na povu kama maji ya kufulia. Figo zilikuwa zimeanza kuharibika, na ile karatasi bado ilikuwa poa.

Sasa skiza. Antibodi ni askari wa mwili. Kwa lupasi wamegeukia wenye nyumba. ANA inakuambia tu kwamba askari wa aina hiyo wapo, na hata watu wazima kabisa, wasiougua chochote, wengine wako nayo. Miongozo ya 2019 ya madaktari wa Ulaya na Marekani inaitumia kama mlango: bila angalau 1:80, huhesabiwi kwenye lupasi. Ukishaingia, mlango umemaliza kazi. Kwa nini unalipishwa kuupima tena na tena? Na hiyo 1:320 kuwa 1:640 ni hatua moja tu ya kuzimua sampuli. Damu ile ile ikipimwa mara mbili inaweza kuleta zote mbili!

"Lakini si antibodi hutabiri?" Ziko zinazosaidia, sikatai. Anti-dsDNA ikipanda huku C3 na C4 zikishuka, daktari mzuri anaanza kuchunga figo. Anaanza kuchunga, nimesema. Kuna watu anti-dsDNA yao iko juu miaka na miaka na hawaumwi, na kuna wengine iko chini na figo zinaisha. Namba peke yake haiwezi kukuambia wewe ni yupi kati ya hao. Lazima ikae pamoja na presha, na mkojo, na vile mwenyewe unajiskia.

Mkojo! Kikopo tu. Kuangalia protini ni bei ya chini sana ukilinganisha na ANA, na kwa muda huo wote hakuna mtu alimwambia binamu yangu aende choo arudi na kikopo. Hiyo ndiyo inaniuma. Na usiseme figo ni story ya wazee: Selena Gomez alipandikizwa figo 2017 ju ya lupasi, akiwa bado kwenye ishirini zake.

Najua kuna mtu atakuja hapa kuniambia mimi si daktari. Ni kweli. Basi muulize daktari wako, kliniki ijayo, mbele ya karatasi yako: protini kwa mkojo wangu ni ngapi, na mlipima lini mara ya mwisho? Na dawa usiache ju namba imeshuka. Binamu yangu saa hii anameza vidonge mara mbili ya vile alikuwa anameza.