Anayekunywa Tana Aitunze Tana

Wakazi wenzangu wa Nairobi, mgao wa maji ukianza huwa tunalalamikia mfereji, ilhali shida yenyewe huanzia mbali, kwenye miteremko ya Nyandarua na Mlima Kenya. Takriban asilimia 95 ya maji ya jiji hili hutoka bonde la juu la Mto Tana, mengi yakipitia bwawa la Ndakaini, Murang'a.

Huko juu mashamba yamefika hadi kwenye kingo za mito. Mvua kubwa ikipiga shamba lisilo na matuta, udongo huteremka na rutuba yake. Mkulima hupoteza mbolea aliyoinunua kwa jasho, mtambo wa kusafisha maji hulemewa na tope, na mchanga unaobaki hujaza bwawa la Masinga, linalohifadhi maji ya kuzalisha umeme. Hasara ni moja, wanaoilipia ni wengi.

Ndiyo maana mwaka 2015 ulizinduliwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi. Shirika la uhifadhi la The Nature Conservancy liliketi meza moja na kampuni ya maji ya jiji, kampuni ya kuzalisha umeme ya KenGen, Coca-Cola na East African Breweries. Wanaotumia maji huku chini wachange, mkulima wa juu asaidiwe kuchimba matuta, kupanda nyasi za nepia kingoni mwa mto na kuvuna maji ya mvua. Hesabu iliyofanywa kabla ya uzinduzi ilionyesha kwamba dola milioni 10 zikiwekezwa, faida inaweza kufika dola milioni 21.5 katika miaka 30. Basi mchango huo usiitwe sadaka. Bia, soda na umeme vyote vinategemea mto huo.

Lakini kazi hii isiachiwe kampuni na mashirika peke yake. Wakulima wenzetu, jiungeni na vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji, vinavyotambuliwa na Sheria ya Maji ya 2016, ili msipangiwe mambo bila sauti yenu. Wenye viwanda na hoteli ambao bado hamjachangia, changieni kwa kadiri ya maji mnayotumia. Nanyi mnaochanga, tangazeni wazi mnachota kiasi gani na mmerudisha nini. Kupanda miti Murang'a hakumpi mtu ruhusa ya kumwaga maji machafu katika Mto Nairobi.

Nasi wakazi tuna nafasi yetu. Katiba inatupa haki ya maji safi, na pia inatutaka tuyatunze mazingira. Kaunti ikiita wananchi watoe maoni kuhusu bajeti, twende kwa wingi, tudai sehemu ya mapato ya maji irudi kwenye vyanzo vyake. Na tudai itengwe mapema, maana matuta huchimbwa kabla ya masika.