Kichocho: Tusimsingizie konokono, tujenge vyoo ufuoni

Kila panapozungumzwa habari za kichocho katika baraza kando ya ziwa, kuanzia Mbita na Sindo hadi Sori na Muhuru Bay, hakosi mtu wa kusimama na kuuliza mbona serikali haimwagi dawa majini ili konokono wote wafe. Swali ni la haki, maana wengi wamekwisha kusikia kwamba ugonjwa huu hutoka kwa konokono. Lakini nionavyo mimi, swali hilo humwacha mkosaji akaenda zake.

Konokono huzaliwa hana ugonjwa. Anayemwambukiza ni binadamu. Mtu mwenye kichocho cha matumbo, aina iliyoenea zaidi kando ya Ziwa Victoria, anapokwenda haja kubwa vichakani karibu na maji, mvua hukokota mayai ya minyoo mpaka ziwani. Yai huanguliwa likiwa majini, na kijidudu kinachotoka kina saa chache tu za kumtafuta konokono wa jamii ya Biomphalaria. Kikimkosa, hufa. Kikimpata, huzaana ndani yake kwa muda wa mwezi hivi, kisha konokono huyo huanza kutoa vijidudu vingine, mamia au hata maelfu kwa siku, hasa jua linapokuwa utosini. Hivi ndivyo vinavyopenya ngozi ya mtu, hata isiyo na kidonda. Hebu tazama saa zenyewe: ndizo saa ambazo akina mama wamo majini wakifua na watoto wakiogelea.

Ndani ya mwili, minyoo hukaa katika mishipa ya damu kwa miaka mingi. Mayai yanayonasa kwenye ini hulifanya ligeuke gumu, tumbo huvimba, na mwisho mgonjwa huweza kutapika damu ghafla akafariki. Wengi husema amerogwa. Kichocho cha kibofu nacho, kile cha mkojo wa damu, hutegemea konokono mwingine aitwaye Bulinus, apendaye madimbwi, mabwawa na vijito. Mayai yake hupitia kwenye mkojo, na mwenye kujikojolea majini ndiye amwambukizaye.

Sasa turudi kwenye dawa ya kuua konokono. Ipo, yaitwa niklosamaidi, na imetumika katika mifereji na mabwawa madogo. Shida yake ni kwamba huua samaki pia. Ziwa letu lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,000 hivi, na maelfu ya jamaa katika Homa Bay na Migori hula na kusomesha watoto kwa mbuta, ngege na omena. Nani atakayekubali dawa hiyo imwagwe mbele ya mtumbwi wake? Tena mumo humo ziwani mlikuwa na furu wengine waliokula konokono bure bila malipo, mpaka mbuta alipoletwa miaka ya 1950 akawatafuna karibu wote. Mkono wa binadamu umo hata hapo.

Tegemeo letu kubwa limekuwa ni vidonge vya prazikwanteli. Ni dawa nzuri, na mpango wa taifa wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo, ulioanza mwaka 2009 na kupanuliwa tangu 2012, umewaponya watoto wengi. Lakini kidonge huua minyoo iliyokomaa tu, na hakimzuii mtu kuambukizwa tena kesho yake. Watafiti waliofuatilia vijiji vya magharibi mwa Kenya kwa miaka kadhaa waliona kuwa viko vijiji ambako ugonjwa uligoma kupungua ijapokuwa dawa zilitolewa kila mwaka. Ni dhahiri kwamba kuna watu waliobaki nje ya hesabu.

Watu hao twawajua. Ni mvuvi aliyeacha shule zamani. Ni mchimba mchanga ashindaye mtoni, na mwosha pikipiki. Ni mtoto wa miaka 3 ambaye mamake humwogesha ufuoni. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mahali ambapo ugonjwa umefikia asilimia 10, dawa zitolewe kila mwaka kwa kila mtu kuanzia umri wa miaka 2, watu wazima wakiwemo, hata wajawazito waliopita miezi 3 ya kwanza. Dawa maalumu ya watoto wadogo nayo, iliyofanyiwa majaribio Kenya na Ivory Coast, ilipitishwa na shirika hilo mwaka 2024. Mwenye kungoja wavuvi waje shuleni kupokea dawa atangoja sana! Zipelekwe ufuoni asubuhi, mitumbwi inaporudi na omena, na wapewe wakiwa wamekula, kwani vidonge hivyo ni vichungu na huchafua tumbo tupu.

Hata hivyo dawa bila choo ni kuchota maji kwa pakacha. Nenda Remba, au Migingo, visiwa ambako watu wamebanana juu ya mwamba. Hakuna pa kuchimba shimo. Na mwaka 2020, ziwa lilipofurika kuliko ilivyokuwa imepimwa kabla, nyumba na vyoo vya ufuoni vilimezwa na maji, pamoja na vilivyokuwamo. Kuwaambia watu wa huko wachimbe choo cha shimo ni kuwafanyia mzaha. Wanahitaji vyoo vya tangi, vilivyoinuliwa, na mtu wa kulipwa kuvisafisha na kuvihamisha uchafu wake. Ni gharama, sikatai. Lakini samaki wa ufuoni hutozwa ushuru, na afya imekuwa jukumu la kaunti tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013. Mvuvi atozwaye ushuru apewe choo na bomba la maji pale pale anapotozwa, kabla ya kujengewa lango lenye picha ya gavana.

Jambo jingine ni mifereji. Kilimo cha kunyunyiza maji kimekuja Kuja ya Chini, Nyatike, na pia Kimira-Oluch upande wa Homa Bay. Mpunga ni chakula na ni fedha, nami siupingi. Ila tukumbuke Mwea, ambako kichocho cha matumbo kilishika mizizi pamoja na mashamba ya mpunga. Misri, nchi ya jangwa, iliona hayo mapema zaidi: wakulima walipoacha kutegemea mafuriko ya Nili ya mara moja kwa mwaka wakaanza kutumia mifereji yenye maji mwaka mzima, konokono wakafuata maji mpaka mchangani, na ugonjwa ukazidi. Wajapani, ambao waligundua konokono wao mwaka 1913, walisakafia mifereji kwa saruji na kutibu watu, hata mwaka 1996 mkoa wa Yamanashi ukatangaza kwamba ugonjwa umekwisha.

Na magugu? Gugumaji lililotuvamia miaka ya 1990 ni makao ya raha kwa konokono. Huko Senegal, utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba vijiji vilivyong'oa mimea ya majini penye vivuko vyao vilipunguza konokono pamoja na maambukizi kwa watoto, na mimea ile ikawa mbolea na chakula cha mifugo. Kamati za ufuo zaweza kufanya hivyo hapa, mradi wang'oaji wavae mabuti na glavu na wapewe dawa.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kabla ya Aprili 30 kila mwaka, na sheria yataka wananchi wasikizwe. Kamati ya ufuo iende na orodha: watu wangapi hutua pale kwa siku, vyoo vingapi vipo, vingapi vilisombwa na maji. Diwani asome orodha hiyo kwa sauti, aseme ni fungu gani la bajeti litakalolipa.