Safu ya Jedwali si Pambo

Makarani wa zamani walipopiga mistari ya wima katika daftari la hesabu, hawakuwa wakipamba. Mamoja yalikaa chini ya mamoja, makumi chini ya makumi, na jicho la mkaguzi liliweza kushuka safu nzima na kukitambua mara moja kiasi kilichowazidi wenzake.

Leo kazi hiyo imehamia katika kompyuta, na wengi wa wanafunzi wetu huitenda kwa Django, mfumo wa kujengea tovuti uliozaliwa katika gazeti la Lawrence Journal-World, jimbo la Kansas, Marekani, ukatolewa kwa umma mwaka 2005. Sifa yake kubwa ni kurasa za usimamizi: mtunga programu akishataja sehemu za kumbukumbu anazotaka zionekane, jedwali hujitokeza bila yeye kuandika mengi. Ni msaada mkubwa, nami siubezi. Lakini jedwali hilo huegemeza majina na fedha pia upande wa kushoto, na tarakimu huzichapa zimebanana bila alama ya kutenganisha maelfu, isipokuwa limeagizwa vingine.

Niliwahi kuyaona matokeo yake. Katika chuo kimoja karani alikuwa akisoma orodha ya wanafunzi wenye madeni kabla ya mtihani. Deni la 125000 lilikuwa juu ya deni la 1250000, yote mawili yakianzia mahali pamoja. Tofauti ilikuwa sifuri moja pembeni kulia, mahali ambapo jicho lililochoka halifiki. Mwanafunzi mwenye deni dogo akazuiwa mlangoni. Kosa liligunduliwa alasiri, mtihani ukiwa umekwisha. Karani alikaripiwa, aliyetengeneza jedwali hakuulizwa neno.

Kwa nini basi safu isinyoshwe mara moja? Hapa pana jambo linalowatatiza hata waliobobea. Katika lugha ya HTML jedwali hujengwa kwa mistari ya mlalo, na kila kisanduku ni mtoto wa mstari wake. Safu haina mwili. Ni visanduku vilivyotokea kupangana tu. Ipo alama ya kuitaja safu, lakini kwa njia hiyo lugha ya mitindo, yaani CSS, hukubali kubadili machache, kama vile upana, rangi ya nyuma na mipaka. Kuegemeza maandishi hakumo, kwa kuwa kisanduku hurithi kutoka kwa mstari, si kwa safu. Ndiyo maana Django hukipa kila kisanduku jina la kundi: neno field, kistari, kisha jina la sehemu yenyewe. Kichwa cha safu nacho, tangu toleo la 1.6 la mwaka 2013, hupewa neno column kwa namna hiyo hiyo. Mwenye sehemu iitwayo deni ataandika faili dogo la CSS, akiviagiza visanduku vya field-deni viegemee kulia na vitumie tarakimu zenye upana sawa, maana katika fonti kadhaa 1 ni nyembamba kuliko 8. Kisha atalitaja faili hilo katika darasa la Media la ukurasa wake. Ni mistari michache. (Waundaji wa Django wenyewe waliikumbuka tarehe, wakaizuia isikatike katikati, fedha hawakuikumbuka.)

Huambiwa kwamba kurasa hizi hazionwi na umma, kwa hiyo umbo lake si kitu. Mimi naona kinyume chake. Umma husoma ukurasa wa mbele na kupita; anayeketi mbele ya kurasa za usimamizi kutwa nzima ndiye anayeamua nani aingie na nani abaki nje. Tangu siku ile, mradi wa mwanafunzi wangu ukiwa na safu ya fedha iliyoegemea kushoto, mimi huurudisha bila kuusahihisha.